Kadi Ndogo, Ununuzi Mkubwa: Pointi za Safari Zisigeuke Deni

ELIMU YA FEDHA KWA WAKAZI WA KAUNTI YA MOMBASA

Somo letu la mara hii tunalianza kwa mfano wa kubuni. Mwalimu mmoja anafundisha Likoni. Zamu yake ya chama imefika, naye amepokea Sh120,000 kwa M-Pesa. Yeye na mkewe wamekubaliana kununua friza, ili mke aanze biashara ya samaki na barafu. Mwalimu ana kadi ya mkopo aliyopewa na benki yake mwaka huu, ya aina inayompa mwenyewe pointi za safari kila anapolipia kitu. Amejiambia hivi: badala ya kulipa kwa M-Pesa na kutoka bila chochote cha ziada, alipe kwa kadi, akusanye pointi, na mwezi wa Disemba zimpunguzie nauli ya ndege ya kwenda kumwona mamake Kisumu.

Dukani mashine inakataa. Anajaribu tena, inakataa tena. Muuzaji anamwambia kwa upole, "Mwalimu, labda kiasi hiki kimezidi kadi yako."

Ni kweli kimezidi. Kikomo cha kadi ni Sh40,000, na friza ni Sh120,000. Je, mwalimu aachane na pointi? Si lazima. Zipo njia halali za kulipia kitu kikubwa kwa kadi yenye kikomo kidogo. Lakini njia hizo zina faida kwa mtu mmoja tu: yule ambaye pesa ya kununulia tayari anayo. Asiye nayo atalipia pointi hizo bei kubwa kuliko thamani yake.

KADI YA MKOPO INAFANYAJE KAZI

Kadi ya ATM hutoa pesa zako zilizo kwenye akaunti. Kadi ya mkopo hutumia pesa za benki, nawe unazirudisha baadaye. Kikomo ni kiasi cha juu ambacho benki imekubali kukukopesha kwa wakati mmoja. Wanaoanza, au wenye mshahara mdogo, aghalabu hupewa kikomo kidogo hadi benki iwazoee.

Nafasi iliyobaki kwenye kadi hupatikana hivi: chukua kikomo, toa deni ulilonalo, toa pia pesa zilizozuiliwa kwa muda. Ikiwa kikomo ni Sh40,000 na wiki iliyopita ulinunua vitu vya Sh9,000, nafasi yako ni Sh31,000. Mashine ya dukani huiuliza benki kuhusu nafasi hiyo kabla ya kukubali malipo. Benki nyingine huruhusu kupita kikomo kidogo, kisha hutoza ada kwa sababu hiyo. Usiitegemee ruhusa hiyo.

NJIA NNE ZA KULIPA KINACHOZIDI KIKOMO

Kwanza, kuweka pesa kwenye kadi mapema. Mwalimu anaweza kulipa Sh80,000 kwenye kadi yake kabla ya kununua, hata kama hadaiwi kitu. Kadi itakuwa na Sh80,000 zake na kikomo cha Sh40,000, jumla Sh120,000. Akishanunua friza atabaki anadaiwa Sh40,000, na Sh40,000 alizobakiza kwa M-Pesa ndizo za kumaliza deni hilo. Kabla ya kufanya hivyo, aiulize benki maswali mawili: je, inaruhusu kadi iwe na pesa za ziada? Na ununuzi ukivunjika, atazitoaje pesa zake bila kutozwa ada ya kutoa pesa taslimu? Malipo yanayokwenda kwenye kadi pia huweza kuchukua siku moja hadi tatu kuonekana, hasa wikendi. Asilipe asubuhi na kwenda dukani mchana.

Pili, kugawanya malipo. Muuzaji akikubali, mwalimu alipe Sh40,000 kwa kadi na Sh80,000 kwa M-Pesa. Atapata pointi za Sh40,000 peke yake, lakini hana shida ya kungoja. Muhimu ni risiti moja inayoonyesha bei kamili ya bidhaa na malipo yote mawili, kwa sababu ndiyo itakayosaidia friza ikiharibika ndani ya muda wa waranti.

Tatu, kulipa kwa mafungu. Maduka mengine yana mpango wa lipa mdogo mdogo. Unalipa Sh40,000 kwa kadi, unamaliza deni hilo mara moja, nafasi inarudi, kisha unalipa fungu la pili na la tatu. Hapa yataka uhakika wa duka lenyewe. Usiache pesa kwa muuzaji usiyemjua bila hati inayosema bei haitapanda na kwamba utarudishiwa pesa usipochukua bidhaa.

Nne, kuomba kikomo kiongezwe. Benki itaangalia mshahara, mikopo mingine na jinsi ulivyolipa kadi hadi sasa. Wengine huongezewa kwa muda, kwa ajili ya ununuzi mmoja. Ombi hili lina hatari yake: kikomo kikiongezwa cha kudumu, friza italipwa na kusahaulika, lakini kishawishi cha kutumia nafasi ile kitabaki mfukoni. Ukiomba, omba cha muda.

Njia yoyote utakayochagua, ipigie benki simu kabla, kupitia nambari iliyoandikwa nyuma ya kadi, uwaambie unapanga malipo makubwa. Malipo yasiyo ya kawaida huweza kuzuiwa na mfumo wa kulinda wizi hata kama nafasi ipo.

PIGA HESABU KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Tuseme kadi ya mwalimu inatoa pointi 1 kwa kila Sh100, na pointi 1 ina thamani ya Sh1 anaponunua tikiti. Hizi ni takwimu za mfano. Zako zimo kwenye mkataba wa kadi yako. Friza ya Sh120,000 itampa pointi 1,200, yaani Sh1,200. Hiyo ndiyo faida yote inayotafutwa. Sasa tuiweke kwenye mizani.

Muuzaji akisema, "Kwa kadi unaongeza asilimia 2.5," nyongeza hiyo ni Sh3,000. Mwalimu atatoa Sh3,000 kupata Sh1,200. Hapo alipe kwa M-Pesa. Ikumbukwe pia kwamba muamala mmoja wa M-Pesa una kikomo cha Sh250,000, kwa hiyo friza hii inalipika kwa mara moja.

Muuzaji akisema, "Ukilipa taslimu nakupunguzia Sh2,000," pia pointi zimeshindwa. Uliza bei ya taslimu kwanza, kisha bei ya kadi, kabla hujaonyesha kadi.

Usisahau ada ya mwaka. Kadi ikitoza Sh3,500 kwa mwaka na kurudisha asilimia 1, unahitaji kutumia Sh350,000 kwa mwaka ili urudishe ada peke yake. Juu ya ada za benki hutozwa pia ushuru wa bidhaa. Ukiwa na kikomo cha Sh40,000 na matumizi ya Sh10,000 kwa mwezi, kadi ya pointi za safari inakugharimu zaidi ya inachokupa. Kadi isiyo na ada ya mwaka huenda ikakufaa zaidi.

Mwisho, soma masharti ya pointi. Pointi huweza kuisha muda. Tikiti inayoitwa ya bure mara nyingi bado inadai kodi na tozo za uwanja wa ndege. Na yapo malipo yasiyopewa pointi kabisa. Kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo ni mfano mmoja: kwa kawaida hakuna pointi, ada inakatwa papo hapo, na riba inaanza siku hiyo hiyo.

KALENDA YA KADI

Kila kadi ina tarehe mbili za kukariri. Moja ni tarehe ya kufunga hesabu, siku ambayo benki inaandika stetimenti ya mwezi. Nyingine ni tarehe ya mwisho ya kulipa. Ukilipa deni lote la kwenye stetimenti kufikia tarehe hiyo, ununuzi wako hautozwi riba. Kadi nyingi hutangaza hadi siku 45 au 50 bila riba, lakini siku hizo zote huzipata yule anayenunua mara tu baada ya hesabu kufungwa. Anayenunua siku moja kabla ya hesabu kufungwa anabaki na wiki mbili au tatu tu.

Kwa hivyo mwalimu akiwa hana haraka, angoje hesabu ifungwe, anunue kesho yake. Zile Sh40,000 zilizobaki aziweke mahali ambapo hazitaguswa. Pesa ya deni ikichanganyika na pesa ya matumizi, nusu yake itaondoka kwa unga, nauli na michango kabla mwezi haujaisha. Wengi wanaoingia kwenye riba hawakukusudia. Walikuwa nayo pesa siku ya kununua, hawakuwa nayo siku ya kulipa.

MTEGO WA KIASI CHA CHINI

Stetimenti huonyesha deni lote na pia kiasi cha chini cha kulipa. Kiasi hicho kidogo hukuzuia kuhesabiwa kuwa umechelewa. Hakizuii riba.

Tuseme mwalimu alizitumia zile Sh40,000 kwa jambo lingine, na riba ya kadi ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni Sh1,400. Zile pointi za Sh1,200 zimekwisha kuliwa zote kwa mwezi mmoja tu, na bado ameongeza Sh200.

Akiendelea kulipa kiasi cha chini cha asilimia 10 kila mwezi, bila kununua kitu kingine, baada ya mwaka mzima atakuwa amelipa karibu Sh34,600. Kati ya hizo, karibu Sh11,700 ni riba. Na bado atakuwa anadaiwa karibu Sh17,000. Nauli ya kwenda kumwona mama imekwenda, na ya kurudi pia.

KAMA PESA HUNA BADO

Haja ya friza huenda ni ya kweli hata kama zamu ya chama haijafika. Basi tafuta mkopo uliotengenezwa kwa kazi hiyo, si kadi. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Sh40,000 kwa masharti hayo, zikilipwa kwa miezi 12, ni karibu Sh3,550 kwa mwezi, na riba yote ni kama Sh2,650. Mwaka ukiisha, deni limekwisha. Linganisha na kadi hapo juu: malipo ya mwaka ni pungufu kiasi, lakini riba ni zaidi ya mara nne na deni halijaisha.

Kwa wafanyabiashara wadogo kuna pia Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Mkopo wa mtu binafsi huanzia Sh500 na haupiti Sh50,000, na wengi huanza na kiasi kidogo. Hautanunua friza peke yake, lakini unaweza kujazia palipopungua.

UKIWA SAFARINI

Kadi ya kikomo kidogo huwatatiza wengi wakiwa mbali na nyumbani. Hoteli, na kampuni za kukodisha magari, huzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana. Pesa hiyo haijalipwa, lakini huwezi kuitumia, na baada ya kuondoka huweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa. Hoteli ikizuia Sh15,000 kwenye kadi ya Sh40,000, umebaki na Sh25,000. Uliza kiasi cha dhamana unapoweka nafasi, na usisafiri na kadi hiyo peke yake.

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Dubai kuchukua bidhaa wazingatie jambo jingine. Mashine ya kule huweza kukuuliza ulipe kwa dirham au kwa shilingi za Kenya. Chagua dirham. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayeamua kiwango cha kubadilisha, na mara nyingi ni kibaya. Hata ukichagua dirham, benki yako huenda ikatoza ada ya fedha za kigeni. Ada hiyo ikiwa asilimia 3, nayo pointi zikiwa asilimia 1, kila mzigo unaolipa kwa kadi unakupunguzia asilimia 2.

"NIPITISHIE KWA KADI YAKO"

Wenzako wakijua una kadi, kuna atakayekuja na kusema, "Ndugu yangu, nipitishie hii televisheni kwa kadi yako, nitakurudishia mwisho wa mwezi. Wewe si utapata pointi?" Kwa benki, deni ni lako peke yako. Akichelewa yeye, unachelewa wewe. Kanuni ya kufuata ni moja: pesa iingie kwako kwanza, kadi itumike baadaye. Asiyeweza kukupa leo, mwambie hivi bila kumvunjia heshima: "Kadi yangu ni ndogo, hainitoshi hata mimi."

Mweka hazina wa chama anayenunua vyombo au mahema ya kikundi kwa kadi yake ana jukumu zaidi. Awaambie wanachama wazi kwamba atapata pointi, wakubali, na jambo hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Pesa ya kikundi ikimnufaisha mtu mmoja kwa siri, hata kwa Sh500, chama kinaanza kuvunjika.

HAKI ZAKO NA ULINZI WAKO

Ukishindwa kulipa, usijifiche. Nenda benki kabla ya tarehe kupita, uombe mpango mpya wa malipo. Taarifa za mikopo huhifadhiwa na kampuni tatu zilizopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka, na kudai isahihishwe ikiwa ina makosa. Ichukue hata kama hudaiwi, maana benki huitazama unapoomba mkopo wa nyumba au wa shamba.

Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka mpaka: mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipwi, riba ambayo benki inaweza kukudai kuanzia hapo haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwepo wakati huo. Hiyo ni kinga, lakini inakuja ukiwa umeshaumia. Kukiwa na malalamiko ambayo benki haikuyatatua, unaweza kuyafikisha kwa Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa Mombasa.

Jihadhari pia na matapeli. Anayekupigia akisema, "Pointi zako zinaisha leo, nitajie nambari iliyoingia kwa simu yako," anataka pesa zako. Wafanyakazi wa benki hawakuulizi nambari ya siri wala nambari ya mara moja inayotumwa kwa ujumbe. Kata simu, kisha upige mwenyewe nambari iliyo nyuma ya kadi.

MASWALI YA KUJIPIMA

Jaribu haya ukiwa na wenzako nyumbani au kwenye chama. Majibu yako chini.

1. Kikomo chako ni Sh30,000. Unadaiwa Sh6,000, na hoteli imezuia Sh10,000. Una nafasi ya kiasi gani?

2. Unataka kununua cherehani ya Sh70,000 kwa kadi hiyo hiyo ikiwa haina deni lolote wala pesa zilizozuiliwa. Uweke kiasi gani mapema?

3. Kadi inarudisha asilimia 1. Muuzaji wa cherehani anapunguza Sh1,000 ukilipa kwa M-Pesa. Utalipa kwa njia gani?

Majibu: (1) Sh14,000. (2) Sh40,000, baada ya benki kuthibitisha kwamba inaruhusu, na Sh30,000 za kumaliza deni ziwe zimetengwa. (3) Kwa M-Pesa. Pointi zina thamani ya Sh700 tu, na punguzo ni Sh1,000.

Turudi kwa mwalimu wetu wa Likoni. Muuzaji hakuongeza bei kwa sababu ya kadi, na benki ilikubali aweke pesa mapema. Aliweka Sh80,000 siku ya Jumanne, akanunua friza Ijumaa, na zile Sh40,000 akampa mkewe azishike hadi stetimenti ifike. Ilipofika, walilipa deni lote. Pointi 1,200 hazitamfikisha Kisumu, lakini zitapunguza nauli kidogo, na friza ni yao bila deni. Kama angekuwa hana zile Sh40,000 za mwisho, jibu sahihi lingekuwa kuiacha kadi nyumbani na kwenda sacco.